Lord Delamere na atomu iliyokosekana Njoro

Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Alifika Kenya mara ya kwanza mwaka 1897 akitokea Somalia. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha takriban ekari 100,000 huko Njoro, karibu na Nakuru, kwa miaka 99.

Nyasi zilikuwa tele, lakini mifugo ilikonda na kufa. Wamaasai walikuwa wakiyaepuka malisho yale.

Udongo ulikosa kobalti. Vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe na kondoo huihitaji kutengeneza vitamini B12. Tazama fomula ya molekuli yake: C₆₃H₈₈CoN₁₄O₁₄P. Co ni kobalti. Haina namba, maana yake ni atomu moja tu kati ya 181. Hiyo moja ikikosekana, vitamini haipo.

Delamere alihamishia ufugaji Soysambu, Elmenteita, na Njoro akajaribu ngano. Alifariki mwaka 1931, miaka minne kabla ya wanasayansi wa Australia kuihusisha kobalti na maradhi ya namna hiyo.

Leo mfugaji anayenunua chumvi ya madini yenye kobalti ananunua atomu ileile iliyokosekana Njoro.