Daktari Livingstone na Chemchemi za Wayunani

Katika nchi hizi za Mpanda na Katavi wengi wetu tumelisikia jina la Daktari David Livingstone, kwa kuwa alipita huku mara mbili katika mwaka 1872. Lakini si wengi wajuao ya kuwa mara ya pili alipopita, naye ni mgonjwa mwenye miaka 59, alikuwa akilifuata neno lililoandikwa na Myunani mmoja zaidi ya miaka 2,000 kabla yake. Neno hilo ndilo lililompeleka katika mabwawa alikofia. Mwezi huu twataka kuwasimulia maisha yake kwa upande huo, ili tupate kujua jinsi impasavyo mtu kuvisoma vitabu vya watu wa kale.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi mwaka 1813 katika kijiji cha Blantyre, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa watu maskini wamchao Mungu, nao walikaa na watoto wao katika chumba kimoja. Alipokuwa na miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda cha pamba, kuunga nyuzi zikatikazo. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi, ikaisha saa mbili usiku. Katika mshahara wake wa kwanza alitoa fedha kidogo, akanunua kitabu cha kujifunzia Kilatini, lugha ya Warumi. Tangu hapo kila usiku baada ya kazi alikwenda shule muda wa saa mbili, na mchana alikiweka kitabu juu ya mashine, akawa anasoma sentensi moja kila alipopita mbele yake. Alipofika nyumbani alisoma tena, hata mara nyingine mama yake akamnyang'anya kitabu ili apate kulala.

Mwaka 1836 alikwenda mji wa Glasgow kujifunza udaktari, kwa fedha alizojiwekea mwenyewe. Huko alihudhuria pia mafundisho ya Kiyunani. Hakuna wa kustaajabu, kwa kuwa Agano Jipya liliandikwa kwa lugha hiyo, na mtu atakaye kuwa mjumbe wa Injili hupenda kuyasoma maneno yale kama yalivyoandikwa kwanza. Lakini ajifunzaye lugha ya watu hujifunza na habari zao. Hivyo katika mafundisho ya siku zile kijana alizijua pia hadithi za miungu ya Wayunani, na safari zao, na vita vyao, na desturi za miji yao.

Yafaa tuseme kidogo habari za watu hao. Wayunani wa kale walikuwa na miungu mingi. Zeus walimwita mkubwa wa wote, na Athena binti yake walimwita mwenye hekima, ndiye aliyeupa mji wa Athene jina lake. Mito nayo waliihesabu kuwa miungu, hata mto Nile. Wengine wao walidhani ya kuwa dunia yote imezungukwa na mto mmoja mkubwa uitwao Okeano, na ya kuwa Nile hutoka humo. Vitabu vyao waliviandika juu ya karatasi zilizofanywa kwa mafunjo ya Misri, majani yale yale yameayo katika mabwawa ya nchi zetu. Nao waliyaita mafunjo hayo jina ambalo kwalo limetoka neno letu Biblia. Walikuwa na hekima nyingi, lakini tusiwasifu kwa kila jambo. Fedha iliyoupa nguvu mji wa Athene ilichimbwa na watumwa katika machimbo ya Laurion, na Wayunani wengi hawakuona neno baya katika kumnunua mtu na kumwuza.

Miongoni mwao alikuwako mtu aitwaye Herodotus, aliyezaliwa yapata mwaka 484 kabla ya Kristo katika mji wa Halicarnassus, ambao leo umo katika nchi ya Uturuki. Alisafiri katika nchi nyingi akiwauliza watu habari zao, kisha akaandika kitabu kikubwa. Kitabu hicho alikiita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kuuliza na kuchungua, nasi tunalo neno hilo hata leo katika Kiswahili, tusemapo historia. Baadaye kitabu kiligawanywa sehemu tisa, kila sehemu ikapewa jina la mmoja wa mabinti tisa wa Zeus.

Huyo Herodotus alifika Misri akataka kujua Nile yatoka wapi. Mtu mmoja tu ndiye aliyejidai kujua, naye alikuwa mwandishi wa hazina ya hekalu la Athena katika mji wa Sais. Mtu huyo alimwambia kwamba iko milima miwili yenye vilele vilivyochongoka, mmoja huitwa Crophi na wa pili Mophi, na katikati yake zimo chemchemi zisizo na mwisho kwenda chini. Nusu ya maji hushuka kaskazini kwenda Misri, na nusu hushuka kusini kwenda nchi ya Waethiopia. Herodotus aliyaandika haya kama alivyoyasikia. Lakini aliongeza ya kuwa yeye mwenyewe aliona mtu yule anafanya mzaha. Ndiyo desturi yake katika kitabu chake: mara nyingi hutenga yale aliyoyaona kwa macho yake na yale aliyoyapokea kwa masikio tu. Tulishike jambo hili, maana tutalirudia.

Sasa turudi kwa Livingstone. Mwaka 1840 Chama cha Wamisionari cha London kilimtuma Afrika ya Kusini. Huko alihubiri, akatibu wagonjwa, akajifunza lugha za watu, na mwaka 1845 akamwoa Mary, binti wa misionari Robert Moffat. Baadaye alivuka Afrika toka bahari ya magharibi hata bahari ya mashariki, akafika mwisho wa safari hiyo mwaka 1856. Katika safari yake ya pili mkewe alikufa huko Shupanga karibu na mto Zambezi, mwaka 1862.

Safari yake ya mwisho aliianza mwaka 1866 kwa kushuka pwani yetu huko Mikindani. Alikuwa na nia mbili: kuifichua biashara ya watumwa, na kuitafuta asili ya Nile. Mwaka uliofuata sanduku lake la dawa liliibwa, na tangu siku hiyo homa zilimdhoofisha pasipo msaada. Hata hivyo aliliona ziwa Mweru mwaka 1867 na ziwa Bangweulu mwaka 1868, akafika Ujiji mwaka 1869, kisha akaingia Manyema hata Nyangwe, ukingoni mwa mto mkubwa uitwao Lualaba. Mto ule ulikwenda kaskazini, naye akaamini moyoni ya kuwa ndio Nile.

Katika safari hizo wenyeji na wasafiri walimpa habari za chemchemi nne zilizo karibu karibu upande wa Katanga, penye kilima. Mbili, walisema, hupeleka maji kaskazini, na mbili hupeleka kusini. Mzee alipozisikia habari hizo alikumbuka Crophi na Mophi, na yule mwandishi wa Sais. Akawaza ya kuwa Myunani wa kale alipewa habari ya kweli, wala haikuwa mzaha. Tangu hapo hakuwa na raha mpaka azione chemchemi zile kwa macho yake.

Lakini huko Nyangwe, tarehe 15 Julai mwaka 1871, aliona jambo lingine, asilolitafuta. Siku ya soko, watu wengi wakiwa wamekusanyika, na wengi wao wanawake, wafanya biashara ya watumwa waliwapiga kwa bunduki. Waliokimbilia mtoni walipigwa majini, na wengine wakazama. Mamia ya watu walikufa. Livingstone alishindwa kukaa tena mahali pale, akarudi Ujiji amechoka mwili na roho. Katika miezi ya mwisho ya mwaka ule alifikiwa huko na Henry Stanley, mwandishi wa gazeti, aliyemletea chakula na barua. Naye akaandika habari za Nyangwe, akampa Stanley azipeleke Ulaya.

Kabla ya kuagana, wawili hao walikwenda kwa mtumbwi hata kichwa cha kaskazini cha ziwa Tanganyika. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana kama mto Rusizi watoka ziwani au waingia, kwa maana kama ungetoka ungeweza kuwa Nile. Livingstone na Stanley walifika mlangoni mwa mto wakaona maji yanaingia ziwani. Mabishano ya miaka mingi yakakoma kwa kutazama siku moja.

Kisha wakashuka kusini kwa mtumbwi, wakaliacha ziwa, wakazipanda nchi hizi zetu kwa miguu wakielekea Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Ilikuwa Januari mwaka 1872, wakati wa masika. Viatu vilimchubua mzee miguu, naye Stanley alishikwa na homa. Njiani nyuki walimvamia punda wa Livingstone. Punda akagaagaa chini badala ya kukimbia, na baada ya siku chache akafa. Sisi tulio wenyeji wa misitu hii, ambamo asali hurinwa hata leo, twajua ukali wa nyuki wale. Basi wakapita kwa Mrera katika Ukonongo, wakafika Unyanyembe mwezi wa Februari.

Stanley alimsihi mzee arudi kwao apumzike, akawaone watoto wake. Hakukubali, kwa ajili ya zile chemchemi. Stanley akaenda zake mwezi wa Machi, akamtumia wapagazi kutoka pwani. Tarehe 25 Agosti Livingstone alitoka Unyanyembe, akapita Ukonongo mara ya pili katika jua kali la kiangazi, na mwezi wa Oktoba akaliona tena ziwa Tanganyika. Akaufuata ukingo wake kusini katika Ufipa, damu ikimtoka tumboni. Kusudi lake lilikuwa kulizunguka ziwa Bangweulu, kisha kuzitafuta chemchemi.

Masika yalimkuta katika mabwawa ya Bangweulu. Maji yalikuwa yametanda kila mahali, na mafunjo yameficha njia. Vyombo vyake vya kupimia havikumwonyesha sawasawa mahali alipo. Watu wake walimbeba, kwanza mabegani, mwisho kwa machela. Mwanzo wa Mei mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo, walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua pamoja na vitabu vyake vya safari. Walipita Ufipa, wakafika Unyanyembe mwezi wa Oktoba, na Februari mwaka 1874 wakafika Bagamoyo. Mwili ulizikwa London katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili mwaka ule. Bila uaminifu wa watu hao, maandiko yake ya mwisho yangaliozea bwawani, nasi tusingaliyajua haya tunayoyaandika.

Je, zile chemchemi zilikuwako? Mwaka 1877 Stanley alimaliza kuufuata Lualaba hata baharini, ikaonekana kuwa ni mto Kongo, wala si Nile. Ni kweli kwamba upande ule wa Katanga na kaskazini ya Zambia iko nchi ya juu igawayo maji, na Lualaba hushuka kaskazini, na Zambezi na Kafue hushuka kusini. Wenyeji waliomwambia Livingstone hawakumdanganya. Lakini maji yale hayaendi Misri, na Crophi na Mophi hazikuonekana popote. Herodotus hakukosea alipolitilia shaka neno la mwandishi. Daktari wetu alimwamini Myunani kuliko Myunani alivyojiamini mwenyewe.

Hatuandiki haya ili kumcheka mtu aliyetoa maisha yake. Twataka mpime mambo mawili. Alilolisoma na kulitamani, asiende kulipima mapema, lilimpeleka mbali na watoto wake na kumchosha hata kufa. Bali aliloliona kwa macho yake Nyangwe, akaliandika, lilisomwa Ulaya, likawachoma watu mioyo. Serikali ya Uingereza ikatuma wajumbe Unguja, na tarehe 5 Juni mwaka 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mapatano, na soko la watumwa likafungwa. Livingstone alikuwa amekufa mwezi mmoja tu kabla ya siku ile, asipate kuijua habari hiyo. Mahali pa soko hilo pakajengwa kanisa.

Ndugu zetu, wasomeni watu wa kale, wala msiogope majina ya miungu yao. Wafundisheni watoto habari za Wayunani, hekima yao na utumwa wao pia. Lakini msomapo neno, ulizeni kwanza kama mwandishi aliliona au aliambiwa tu. Na mwandikapo habari za jamaa zenu au za usharika wenu, tengeni hayo mawili kama alivyoyatenga Herodotus, ili watakaowafuata wasipotee njia kwa ajili yenu.