Ronald Ross, daktari aliyeipigia hesabu malaria

Ukitoka Moshi ukapita Kifaru kuelekea Same, milima ya Pare inabaki kushoto kwako. Huku tambarare kuna joto, na mbu wapo. Miaka ya 1950 eneo la Pare na Taveta liligeuka uwanja wa kujaribu wazo la mtu aliyekwisha kufa zamani.

Mtu huyo ni Ronald Ross, aliyezaliwa Almora, India, mwaka 1857. Yeye alitaka kuwa mwandishi, baba yake ofisa wa jeshi akataka awe daktari. Baba akashinda.

Agosti 20, 1897, mjini Secunderabad, Ross aliona vimelea vya malaria kwenye tumbo la mbu aliyemnyonya mgonjwa. Mwaka 1902 akapata Nobel.

Wengi wanamjua kwa hilo tu. Kumbe vita vyake vikubwa vilikuwa mbele. Kampeni ya kupunguza mbu huko Mian Mir, karibu na Lahore, ilitangazwa kuwa imefeli. Wakubwa wakaona mbu hawawezi kuisha, kwa hiyo ni kupoteza hela tu. Ross, mtu wa hasira za haraka, hakukubali. Akageukia hesabu.

Alianzia Mauritius, 1907 na 1908, akazipanua kwenye kitabu chake cha 1911. Hoja yenyewe si ngumu: kama mgonjwa mmoja, kupitia mbu, anazalisha chini ya mgonjwa mmoja mpya, ugonjwa unashuka wenyewe. Basi huhitaji kuua kila mbu. Washushe chini ya kiwango fulani, inatosha. Ukijua idadi ya wagonjwa na mbu leo, unaweza kukadiria hali ya mbele. Mifumo ya sasa ya kutabiri milipuko bado inatumia msingi huo, ikiongeza mvua, joto na takwimu za zahanati.

Madaktari wengi wa wakati wake hawakuzielewa hesabu hizo. Alifariki London mwaka 1932.

Baadaye George Macdonald aliziboresha, akaonyesha kuwa umri wa mbu ndio muhimu zaidi: kimelea huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani yake. Ukimuua kabla, hakuambukizi.

Ndiyo maana kati ya 1955 na 1959 nyumba za Pare na Taveta zilipuliziwa dieldrin ukutani, pale mbu anapotua akishashiba damu. Malaria ilishuka sana, ila haikuisha. Upuliziaji ulipokoma, mbu walirudi kidogo kidogo, na homa ikawafuata.