Robert Koch: bingwa wa hadubini aliyechemsha Dar

Wadau, mbwa wa Arusha si pambo. Njiro, Ngaramtoni, Usa River, kote chini ya Mlima Meru, yeye ndiye askari wa geti. Sasa siku akigoma kula, ufizi ukapauka na mkojo ukawa kama kahawa, mtaani wanasema kalishwa sumu. Kumbe inaweza kuwa kupe tu. Utajuaje? Kwa tone la damu kwenye hadubini. Na kuna mzee mmoja, bingwa wa kazi hiyo duniani, ambaye damu ya ng'ombe wetu ilimtoa jasho.

Robert Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843. Akasoma udaktari, akapangiwa kazi katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Maabara hakuwa nayo. Alijitengea kona nyumbani, na hadubini alizawadiwa na mkewe Emmy. Kwa vifaa hivyo hivyo, mwaka 1876 akaonyesha bakteria anayeleta kimeta. Mwaka 1882 akamfichua bakteria wa kifua kikuu. Dunia nzima ikamjua.

Lakini naye alikuwa mtu. Mwaka 1890 alitangaza dawa yake ya kifua kikuu, watu wakafurika Berlin, dawa ikagoma kuponya. Baada ya hapo akawa mtu wa safari: mwaka 1896 alikuwa Afrika Kusini kupambana na sotoka ya ng'ombe, na 1897 akatua Dar es Salaam, enzi za Mjerumani.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu. Wamarekani Smith na Kilborne walishatangaza mwaka 1893 kwamba kupe hueneza homa ya Texas, ule ugonjwa wa ng'ombe kukojoa damu. Koch akapima ng'ombe wa Dar, akaona vijidudu vidogo sana ndani ya chembe nyekundu. Akaamua: hawa ni watoto wa kijidudu cha homa ya Texas. Akachemsha! Alikuwa ameona kitu kingine kabisa, ila akakipa jina la jirani yake.

Mwaka 1903 Waingereza wakamwita Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ng'ombe wanakufa kwa maelfu. Koch akakutana tena na vile vijidudu vidogo vya Dar. Safari hii akatazama mpaka kwenye tezi na wengu, akatenganisha magonjwa mawili. Huu mpya akauita homa ya Pwani ya Afrika. Ndio ndigana kali, ambayo wafugaji wa Arusha hawahitaji kuelezwa. Chanjo aliyopendekeza haikufua dafu, lakini zile alama ndani ya chembe nyeupe za ng'ombe mgonjwa zinaitwa kwa jina la Koch hadi leo.

Mwaka 1905 alirudi kwetu. Akafuata njia za misafara kwenda bara, akachunguza papasi kwenye udongo wa vibanda vya wapagazi, akakuta vijidudu vya homa ya papasi hadi ndani ya mayai yao. Yaani papasi anarithisha watoto! Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel. Ila tusimpambe mno: mwaka 1906 na 1907, visiwani Sese, Uganda, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Sasa rudi kwa mbwa wako. Daktari wa mifugo anaweza kuchukua tone kwenye ncha ya sikio, analipaka jembamba kwenye kioo, analikausha na kulitia rangi ya Giemsa. Babesia huonekana ndani ya chembe nyekundu, mara nyingi viwili viwili, umbo la tone la maji. Erlikia ni bakteria, anakaa ndani ya chembe nyeupe kama kifurushi kinachofanana na tunda la forosadi. Homa zafanana, dawa hazifanani: sindano ya babesia haimalizi erlikia, na mbwa mmoja anaweza kubeba wote wawili. Tena erlikia ni mjanja, mara nyingi haonekani kwenye kioo, kwa hiyo kioo kikiwa safi usishangilie haraka. Kuna vipimo vingine vya damu.

Kama Koch mwenyewe alimwona mdudu Dar akakosea jina, na ikabidi arudi kutazama upya baada ya miaka kadhaa, sembuse mtu anayemtazama mbwa kwa macho tu na kuchomoa sindano? Mdau, dai kipimo kwanza. Na hao kupe, watoe leo.

Waliowahi kuuguza mbwa, maoni hapo chini.