Archie Cochrane: Mfungwa aliyewafundisha madaktari kuhesabu

Daktari ninayewaletea leo hakugundua dawa hata moja. Hata hivyo, ni wachache katika karne iliyopita waliowasumbua madaktari wenzao kama yeye, tena kwa haki.

Archibald Cochrane, maarufu kama Archie, alizaliwa Scotland tarehe 12 Januari 1909. Akiwa bado mwanafunzi wa udaktari alikwenda Hispania kuhudumia majeruhi wa vita. Mwaka 1941 alitekwa na Wajerumani katika kisiwa cha Krete.

Walimpeleka Salonica, Ugiriki, awe daktari wa kambi ya wafungwa. Ndugu zangu mliowahi kuishi kwa mgawo wa kambi mtaielewa hali yake: chakula haba, watu wanavimba miguu, naye mwenyewe amevimba. Alihisi wamekosa vitamini B. Akatafuta hamira kwa magendo (wafanyabiashara wa mpakani msicheke), akachukua wagonjwa 20 na kuwagawa vyumba viwili, 10 kwa 10. Chumba kimoja kilipewa hamira, kingine vidonge vya vitamini C. Kila siku aliandika nani amekwenda haja ndogo mara ngapi. Siku mbili za kwanza hakuona tofauti. Siku ya nne wengi wa hamira walikuwa na nafuu. Chumba cha pili, hakuna hata mmoja. Akawapelekea Wajerumani karatasi yake, na hamira ikaletwa. Baadaye mwenyewe alilidharau jaribio lile, maana watu 20 ni wachache mno. Mimi siwezi kulidharau: mfungwa asiye na lolote aliwashinda waliomfunga kwa hesabu.

Baada ya vita alichunguza mapafu ya wachimba makaa ya mawe wa Wales. Mwaka 1972 alitoa kitabu akidai tiba zipimwe kwa kulinganisha wagonjwa waliogawanywa kwa bahati nasibu.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la mkutanoni. Uingereza ilikuwa inapima kama mgonjwa wa mshtuko wa moyo alazwe wodi maalumu au atibiwe nyumbani. Matokeo ya awali yalionyesha vifo vya hospitali vimezidi kidogo, tofauti isiyotosha kuamua lolote. Cochrane akazigeuza namba makusudi, akawaonyesha mabingwa wa moyo kwamba waliozidi kufa ni wa nyumbani. Wakaja juu, wakataka utafiti usimamishwe mara moja. Ndipo akawaambia ukweli, akauliza kama basi wodi zao zifungwe. Kimya.

Mimi hufundisha wauguzi, na kisa hiki huwapa kabla ya kanuni yoyote ya takwimu. Anayekariri kanuni tu hufaulu mtihani, kisha hurudi wodini kufanya alivyomkuta mkubwa wake akifanya.

Cochrane alifariki tarehe 18 Juni 1988. Mwaka 1979 alikuwa amewalaumu madaktari kwa kutokusanya na kuchambua majaribio yote ya tiba zao. Mwaka 1993 watafiti wakaunda mtandao wa kuifanya kazi hiyo, wakaupa jina lake.