Georges Matheron: Mwanahisabati aliyepima dhahabu isiyoonekana

MWAKA 2000, mwaka ambao mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa, alifariki dunia nchini Ufaransa mtu ambaye hesabu zake hutumika katika migodi ya aina hiyo duniani kote. Mtu huyo ni Georges Matheron.

Alizaliwa jijini Paris Desemba 2, 1930. Baada ya kusomea hisabati na uhandisi wa madini, alikwenda Algeria mwaka 1954, ikiwa bado chini ya Ufaransa, kufanya kazi katika idara ya jiolojia.

Huko alikabiliwa na swali ambalo wachimbaji wa Geita na Kahama wanalifahamu vyema: mashimo machache yaliyochorongwa yanaeleza nini kuhusu mwamba wote ulio kati yake? Anayekosea hesabu huzika fedha zake katika jiwe tupu, au hutupa mbale yenye dhahabu akidhani ni kifusi.

Jibu la awali lilitoka Afrika Kusini. Mhandisi Danie Krige alionyesha mwaka 1951 kwamba sehemu ambazo sampuli huzitaja kuwa tajiri, mara nyingi hutoa dhahabu pungufu zinapochimbwa, na zile zinazodharauliwa hutoa zaidi ya ilivyotarajiwa. Matheron aliijengea kazi hiyo msingi wa hisabati, akaiita krigingi kwa heshima ya mhandisi huyo.

Kwa njia hiyo, mwamba hugawanywa mithili ya wavu wenye vyumba vidogo vingi. Kila chumba hukadiriwa kutokana na sampuli za jirani, na kwa kawaida zilizo karibu hupewa uzito zaidi.

Mwaka 1968 Matheron alianzisha kituo cha utafiti mjini Fontainebleau. Alitambua kuwa makadirio hayo huulainisha mwamba na kuficha tofauti zake. Hivyo mwaka 1973 alitoa njia ya uigaji: badala ya picha moja, kompyuta huchora picha nyingi, zote zikikubaliana na sampuli zilizopo. Picha hizo zikitofautiana mno, ni onyo kwamba uchorongaji zaidi unahitajika kabla ya kuanza kuchimba.

Maandishi yake mengi yalibaki kuwa taarifa za ndani za kituo, kwa Kifaransa. André Journel, aliyetoka Fontainebleau kwenda Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alishirikiana na Clayton Deutsch kutoa programu za GSLIB mwaka 1992, msimbo wake ukiwa wazi. Mafaili yake ni maandishi ya kawaida: kichwa, idadi na majina ya safu, kisha namba. Programu nyingine nyingi ziliweza kuyasoma, na wavu uliotengenezwa katika programu moja ukafunguka katika nyingine.

Ndiyo maana kijana wa Shinyanga anayeanza fani hii leo anaweza kuanza na kompyuta ya kawaida na jedwali la sampuli: mahali, kina na gramu za dhahabu kwa tani.

Matheron alifariki Agosti 7, 2000, akiwa na umri wa miaka 69. Aliwaachia wachimbaji njia ya kujua, kabla ya kuchimba, ni kiasi gani wanachokijua na kiasi gani wanachokibahatisha.