John Boyd Dunlop, muganga wa wanyama aliyefungia hewa ndani ya mupira

Kila asubui, pembeni ya barabara za Goma, Bukavu, Uvira na Bunia, fundi wa kwado anawasha mashini yake ya kujaza hewa na kungoja shofere wa kwanza. Kazi yake, pamoja na motokari na moto zote zinazopita mbele yake, zina deni kwa mutu mumoja aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mutu ule hakuwa injinia wala mutengenezaji wa motokari. Alikuwa muganga wa wanyama. Jina lake, Dunlop, lingali linaandikwa kwenye mipira mpaka leo, lakini wachache ndio wanajua maisha yake. Na matokeo ya kazi yake yalifika mpaka katika pori za Kongo.

Mutoto wa shamba

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 mwezi wa pili mwaka 1840, katika shamba moja la Dreghorn, upande wa magaribi wa Scotland. Alisomea uganga wa wanyama katika muji wa Edinburgh, akafanya kazi karibu miaka 10 katika inchi yake, kisha mwaka 1867 akavuka bahari na kuhamia Ireland. Katika muji mudogo wa Downpatrick alifungua kliniki ya wanyama pamoja na ndugu yake James. Mwaka 1871 alimuoa Margaret Stevenson, na wakazaa watoto wawili, binti na kijana. Baadaye alihamia Belfast. Katikati ya miaka ya 1880, kliniki yake ilikuwa kati ya zile kubwa zaidi katika Ireland yote.

Wakati ule, kutembea kwa gurudumu kulikuwa mateso. Barabara za Belfast zilitandikwa mawe. Magari ya farasi yalikuwa na magurudumu yenye kuzungukwa na chuma, na baisikeli zilivalishwa mupira mugumu usio na hewa ndani. Gurudumu lilipogonga jiwe, pigo lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye mugongo wa mutu.

Kinga ya mutoto

Mwaka 1887, kijana wa Dunlop, aliyeitwa Johnny, alikuwa mutoto wa karibu miaka 10. Alikuwa na kinga ndogo ya magurudumu matatu, na mawe ya barabara yalimusumbua. Baba yake akaanza kufikiri namna ya kumusaidia.

Dunlop alichukua kipande cha ubao cha muviringo, akatengeneza bomba la mupira mwembamba, akalizungusha pembeni ya ubao ule na kulifunika kwa kitambaa kigumu. Kisha akalijaza hewa kwa pompi ya kujazia mupira wa kuchezea. Katika kiwanja cha nyumba yake, alisukuma kwanza gurudumu la kawaida la kinga ya mutoto. Likaenda kidogo, likaanguka. Akasukuma lile la hewa. Likavuka kiwanja chote mpaka likagonga upande wa pili.

Alichokiona siku ile ndicho shofere wa leo anapaswa kukumbuka: si mupira ndio unabeba muzigo, ni hewa iliyofungwa ndani yake. Hewa inapofinywa na jiwe inakubali kidogo, kisha inarudi mahali pake, na gurudumu linaendelea na mwendo bila kupoteza nguvu nyingi. Mwanzoni mwa mwaka 1888, Dunlop aliweka mipira ya hewa kwenye kinga ya Johnny, na mutoto akaenda kuijaribu. Mwaka ule ule, baba akapewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake.

Waliocheka walinyamaza

Watu walipoona mipira ile minene, walicheka. Kicheko kilikwisha mwezi wa tano mwaka 1889. Willie Hume, mukubwa wa kundi moja la wakimbizaji wa baisikeli wa Belfast, aliingia katika mashindano akiwa na mipira ya Dunlop. Hakuwa mukimbizaji wa kwanza katika muji, lakini alishinda mashindano yote manne aliyoingia. Kisha akaenda Liverpool, Uingereza, na huko pia akashinda karibu yote.

Mufanya biashara mumoja wa Dublin, Harvey du Cros, alikuwa na watoto wanaume wenye kukimbiza baisikeli, na alielewa haraka maana ya ushindi ule. Mwaka 1889 kompanyi ikaanzishwa katika Dublin, Dunlop akiwa ndani yake. Kila kitu kilionyesha kwamba muganga wa wanyama atakuwa tajiri.

Kisha ikaja habari mubaya. Karibu miaka miwili kisha kupewa hati yake, Dunlop aliambiwa kwamba hati ile haina nguvu. Mutu mwingine wa Scotland, Robert William Thomson, alikuwa ameandikisha mupira wa hewa tangu mwaka 1845, wakati Dunlop alikuwa mutoto wa miaka 5. Thomson aliuonyesha hata katika London, kwenye magari ya farasi. Lakini siku zile baisikeli hazikuwa zimeenea, mupira mwembamba ulikuwa wa bei kali, na watu wakamusahau. Dunlop alifikia wazo lile peke yake, lakini sheria iliangalia tu nani alitangulia.

Kompanyi ilisimama hata hivyo, kwa sababu du Cros alinunua haki za wavumbuzi wengine, hasa namna za kufunga mupira kwenye gurudumu ili uweze kutoka haraka. Mupira wa kwanza wa Dunlop ulibandikwa kwa gundi, na kuutengeneza kisha kutoboka kulichukua saa nyingi. Katika Ufaransa, Édouard Michelin aliona taabu ile kwa macho yake wakati mukimbizaji mumoja alimuletea baisikeli yenye kutoboka. Mwaka 1891, yeye na ndugu yake André walitoa mupira wao wa kutoka haraka. Mwaka 1895 waliweka mipira ya hewa kwenye motokari na kuiingiza katika mashindano ya Paris, Bordeaux na kurudi Paris. Mipira ilitoboka mara nyingi njiani, lakini motokari ilifika.

Deni la damu katika pori za Kongo

Kutoka hapo, dunia yote ilitaka mupira. Baisikeli zilikuwa nyingi sana Ulaya na Marekani, motokari zikafuata, na nyaya za umeme pia zilivalishwa mupira. Mashamba makubwa ya Asia yalikuwa hayajaanza kutoa mazao ya kutosha. Ulimwengu ulitegemea mupira wa pori, na sehemu moja ya pori ile ilikuwa Kongo, inchi ambayo Léopold wa pili, mufalme wa Ubelgiji, aliitawala kama mali yake mwenyewe tangu mwaka 1885.

Katika Kongo, mupira ulitoka kwenye kamba za pori zinazopanda juu ya miti. Wakaaji wa vijiji walilazimishwa kuukata na kuleta kilo zilizohesabiwa. Wanawake walifungwa mpaka wanaume warudishe mupira. Vijiji vilivyokataa vilichomwa, na watu wakauawa. Maaskari walikata mikono ya watu ili kuonyesha wakubwa wao kwamba hawakupoteza risasi. Mateso yalikuwa makali sana upande wa Équateur, lakini yalifika pia katika maeneo mengine, mpaka Aruwimi na Uele.

Dunlop mwenyewe hakukanyaga Kongo, wala hakuamuru kosa lolote kati ya yale. Lakini wazo lililozaliwa kwa kumuhurumia mutoto mumoja liliongeza njaa ya mupira, na njaa ile ikalipwa na watoto wa watu wengine. Aliyesaidia kufunua siri ile kwa ulimwengu alikuwa pia mutu wa Ireland: Roger Casement, muzaliwa wa Dublin, konsuli wa Uingereza katika Kongo. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Pamoja na kazi ya Edmund Morel na wamisionere, ilisukuma Ubelgiji kumunyanganya mufalme inchi ile mwaka 1908.

Mwisho wa kimya

Wakati ule Dunlop alikuwa ametoka zamani katika biashara ya mipira. Mwaka 1895 aliacha kompanyi na kuuza sehemu kubwa ya hisa zake. Mwaka uliofuata, du Cros na wenzake waliuza kompanyi kwa pauni milioni 3, na munuzi akaitoa tena sokoni kwa pauni milioni 5. Mutu aliyewapa jina hakupata utajiri ule. Aliendelea kuishi Dublin, akashugulika na biashara ya nguo. Sura yake yenye ndevu nyeupe ilitumiwa kama alama ya kompanyi, lakini feza zilienda kwa wengine. Alikufa katika Dublin tarehe 23 mwezi wa kumi mwaka 1921, akiwa na miaka 81.

Kile ambacho alionyesha kingali kinalinda maisha ao kuyaondoa, kulingana na namna watu wanavyokitunza. Mupira wenye hewa kidogo unajikunja pembeni kila mara unapozunguka. Kujikunja kunaleta moto, na moto unaweza kuupasua gafula wakati motokari iko na muzigo na mwendo mukali. Mupira wenye hewa nyingi kupita kipimo unagusa barabara kwa sehemu ndogo, unarukaruka juu ya mashimo, na kufunga frein kunachukua mbali zaidi.

Ndiyo sababu mafundi wazuri wanapima hewa wakati mupira ni baridi, motokari ikiwa imelala ao imesimama saa kama tatu. Kisha mwendo, hewa ndani inapata moto na kipimo kinapanda. Mwenye kuitoa wakati ule atabaki na mupira wenye hewa kidogo utakapopoa. Namba ya kufuata iko kwenye kibandiko karibu na mulango wa shofere ao katika kitabu cha motokari, na mara nyingi kuna moja ya motokari tupu na nyingine ya muzigo. Namba iliyoandikwa pembeni ya mupira wenyewe ni mwisho wa nguvu zake, si kipimo cha kila siku. Macho na teke la mguu havipimi kitu. Kinachopima ni manometa. Mate ao maji ya sabuni juu ya valvu yanaonyesha kama hewa inatoroka, na kifuniko chake kinazuia mavumbi. Mupira wa akiba nao unapimwa. Na wakati wa kujaza mupira mukubwa wa kamio, fundi anasimama pembeni, hainamii juu yake, na haujazi ule uliotembea bila hewa mbele ya kuufungua na kuangalia ndani.

Katika Goma, hata chukudu ya mbao inavalishwa ukanda wa mupira wa zamani wa motokari ili gurudumu lisiliwe na mawe. Mupira ule hauna hewa ndani, na musukumaji wake anasikia kila jiwe mikononi, kama watu wa Belfast walivyolisikia mugongoni mbele ya mwaka 1888.