Arthur Berson na Anga ya Juu ya Afrika Mashariki

Mtu aliyesimama Kiganjo, mjini Thika, asubuhi ya Januari, akaelekeza macho upande wa Kilimambogo, aghalabu huona mawingu ya namna mbili. Yako mazito yanayokikalia kilele cha mlima, na juu zaidi, mbali mno, yako mengine membamba, meupe, mithili ya pamba iliyochambuliwa. Haya ya pili huitwa sirasi, kutokana na jina la Kilatini lililopendekezwa na Luke Howard wa Uingereza mwaka 1802. (Kiswahili kina mavundevunde, lakini neno hilo hutaja mawingu yaliyotawanyika bila kujali kimo chake, kwa hiyo halitoshi hapa.) Sirasi ni chembechembe za barafu. Barafu hiyo hupatikanaje juu ya nchi za joto? Katika kulijibu swali hili, jina la Arthur Berson haliwezi kuachwa.

Berson alizaliwa mwaka 1859 Galicia, iliyokuwa chini ya Austria, katika mji ambao leo ni Nowy Sącz, Poland. Baadaye alihamia Berlin, akawa miongoni mwa wataalamu wa hali ya hewa waliofanya kazi na Richard Assmann. Zama hizo, aliyetaka kuijua anga ya juu hakuwa na budi kuipanda mwenyewe. Tarehe 4 Desemba 1894 Berson alipanda peke yake kwa puto liitwalo Phönix hadi mita 9,155, mahali ambapo kipimajoto kilionyesha karibu nyuzi 48 chini ya sifuri. Tarehe 31 Julai 1901 alipanda tena, safari hii pamoja na Reinhard Süring, katika kikapu kisicho na kifuniko, wakafikia takriban mita 10,800. Süring alizidiwa na usingizi wa kukosa hewa. Berson alipomwona katika hali hiyo aliivuta kamba ya kutolea gesi, kisha naye akazimia. Puto lilishuka na watu wawili wasiojitambua. Vipimo vya siku hiyo vilimsaidia Assmann kuamini kwamba vyombo vilivyorushwa bila binadamu havikuwa vikidanganya. Na mwaka 1902 yeye na Teisserenc de Bort wa Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza kuwepo kwa stratosfia, tabaka ambalo ndani yake baridi huacha kuongezeka.

Hata hivyo, hayo yalikuwa ya Ulaya. Je, tabaka hilo lilikuwepo pia juu ya ikweta? Mwaka 1908 Berson na Hermann Elias walikuja Afrika Mashariki, wakarusha maputo ya mpira kutoka eneo la Ziwa Viktoria na pwani ya Dar es Salaam, wakati huo koloni la Wajerumani. Puto lilipanda likivimba hadi likapasuka, nacho chombo kikaanguka. Redio ya kupeleka vipimo haikuwa imebuniwa kwa kazi hiyo, hivyo chombo kisichookotwa kilipotea pamoja na habari zake zote. Kila tarakimu iliyofika Berlin ilitegemea mkono wa mtu fulani aliyekiona chombo hicho na kukiokota, jambo ambalo masimulizi ya sayansi hulipita haraka mno.

Matokeo yalistaajabisha. Stratosfia ilikuwepo, lakini ilianzia juu zaidi kuliko ya Ulaya, na chini yake baridi ilizidi nyuzi 80 chini ya sifuri. Nchi yenye jua kali, kumbe, ndiyo iliyofunikwa na anga baridi zaidi! Sababu ni kwamba hewa yenye joto hupanda, hutanuka, na kadiri inavyotanuka hupoa. Unyevu wake hugandishwa, na baadhi yake huwa sirasi. Mawingu haya huruhusu sehemu kubwa ya mwanga wa jua kupita, lakini huzuia joto la ardhi lisitoroke angani. Mawingu mazito ya chini, kinyume chake, hurudisha jua lilikotoka. Kwa hiyo wingu jembamba lisiloleta hata tone la mvua lina sehemu yake katika kuongeza joto la dunia.

Aidha, Berson alileta kitendawili. Juu kabisa alikuta pepo zikivuma kutoka magharibi, ilhali vumbi la volkano ya Krakatoa, mwaka 1883, lilikuwa limeizunguka dunia likitoka mashariki. Wataalamu walijaribu kuzipatanisha pepo hizo kwa kuchora ukanda mmoja kando ya mwingine. Berson alikuwa ameandika alichokipima, basi. Miaka ya 1960 na 1961 ndipo Reed wa Marekani na Ebdon wa Uingereza walipobainisha kwamba pepo za huko hugeuka mwelekeo kwa zamu, mzunguko mzima ukichukua miezi 28 hivi. Krakatoa na Berson, wote walikuwa sahihi.

Yeye alikwisha kufa, Berlin, mwaka 1942. Mwaka 1996 kituo cha Dagoretti, Nairobi, kilianza kurusha maputo ya kupima ozoni, yakipanda katika anga ileile, na safari hii vipimo vikirudi kwa redio.